Ghala limejaa mahindi, mtoto bado kadumaa

Juzi tena kwenye kikao cha bajeti mheshimiwa kasimama kasema mkoa wetu hauwezi kuwa na udumavu, sisi tunalisha mpaka nchi jirani. Mimi ni afisa lishe na hii kauli imenichosha.

Takwimu za 2022 zinasema kitaifa udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ni 30%. Iringa 57. Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto! Ndo huku huku malori ya NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, yanakuja kubeba mahindi, na Dar wasiolima wako chini ya wastani wa taifa.

Kinachowapoteza watu ni macho. Mtoto wa miezi 8 anapewa uji mwepesi wa sembe asubuhi, mama anaenda shamba, mchana bibi anampashia ule ule, anashiba, halii, mashavu yapo, mkanda wa kupima wembamba wa mkono unasoma kijani, yaani yuko salama. Basi "mbona wanene hawa"! Jamani udumavu ni urefu kwa umri, siyo wembamba, na kijiji kizima kikiwa na watoto wafupi hakuna anayeonekana mfupi. Kliniki nyingi nilizopita wanapima uzito tu, ubao wa urefu umelala stoo.

Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 siipingi, bei ilikuwa imeua watu. Ila mkulima naye anapiga hesabu: mbolea ipo, mahindi yana mnunuzi serikali, maharage ni yeye na dalali, kwa hiyo shamba lote linageuka mahindi na yale maharage machache pamoja na mayai ya kienyeji yanaenda sokoni kutafuta ada na sabuni. Hapo msimlaumu mama kwamba hana elimu ya lishe, elimu anayo, maharage ndo hana.

Kurutubisha unga, yaani kuuongezea vitamini na madini? Kanuni zipo tangu 2011, zinawashika wenye viwanda. Kijijini kila mtu anapeleka debe lake mashineni, akikoboa pumba na kiini vinaenda kwa nguruwe. Nahimiza dona kila siku, lakini kuna kitu kinanisumbua: mahindi yakianikwa chini yakavunda, kukoboa kunapunguza sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu. Sasa mama ambaye hana turubai la kuanikia nimwambie ale dona kwa ujasiri gani? Wenzangu wengi hili hawalisemi kwenye semina.

Halmashauri zinatakiwa kutenga sh 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Mwaka huu naomba zisiishie kwenye posho za vikao. Zitoe ubao wa urefu kila zahanati, maturubai kabla ya mavuno, na shule zetu zinunue maharage moja kwa moja kwa wakulima wa kata hiyo hiyo, kwa bei iliyotangazwa kabla hawajapanda.