Je, wajua kwa nini mpingo wa kijiji kimoja unaingizia serikali hela na wa kijiji jirani unawalipa wanakijiji wenyewe?

Chukua mipingo miwili pale Kilwa, kusini mwa Tanzania, unene sawa, yote iko kwenye ardhi ya kijiji. Mmoja ukikatwa kwa kibali, ada inaenda TFS (wakala wa serikali wa misitu) na halmashauri, wanakijiji wanaambulia kiduchu au patupu. Mwingine ukikatwa hela inaingia akaunti ya kijiji. Nchi moja, sheria moja, kinachotofautisha ni kama kijiji kimeshautangaza ule msitu kuwa hifadhi yake au bado, basi!

Tokea enzi za Mjerumani, akaja Mwingereza, msitu ulikuwa wa serikali, na ile sheria ya misitu ya 1957 tuliendelea nayo miaka mingi sana baada ya uhuru, mwanakijiji kazi yake ilikuwa kufukuzwa msituni. Upepo ulianza kugeukia Babati, msitu wa Duru-Haitemba, mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ikataka iufanye hifadhi yake, watu wakakataa katakata, mwisho wakaachiwa wausimamie wenyewe na doria wakapiga wenyewe, na msitu ukapona. Ikaja sera ya misitu ya 1998, halafu Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, ndio ikaweka kwenye maandishi kwamba kijiji kinaweza kumiliki msitu na kula matunda yake.

Sasa kuwa na sheria na kuitumia ni vitu viwili tofauti. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa 2003 malori yalishuka kusini kufuata magogo, na ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha China imeandika mbao zilizoingia kutoka Tanzania mara kumi ya zile Tanzania ilizoandika kuwa zimetoka. Mara kumi! Na mwanakijiji aliyekuwa anakata gogo alilipwa hela ya kula tu, hii inaniuma mpaka leo.

Ili hela ibaki kijijini lazima kazi ifanyike kwanza. Mipaka ya kijiji ijulikane, sehemu ya msitu itengwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kuwe na kamati ya maliasili na sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji upitishe, halafu ndio miti ihesabiwe. Hapo kwenye kuhesabu watu wanaingia porini na tepu, mti unapimwa usawa wa kifua, mpingo ukiwa na kipenyo chini ya sentimita 24 hauguswi, na ukifika hiyo huenda una umri wa bibi yako au zaidi, na bado unaweza kuukuta una tundu katikati. Ukikatwa, gogo linagongwa nyundo ya alama, bila ile alama na hati ya kusafirishia halipiti geti.

Vijiji vya Kikole na Kisangi, hukohuko Kilwa, 2009 vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa kinachothibitisha mbao zimevunwa kihalali na kwa uangalifu, wakisaidiwa na shirika la uhifadhi la MCDI, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili ya wanakijiji. Mpingo ndio unatengeneza klarineti na zumari za Ulaya, kwa hiyo kuna wanunuzi wanaotaka ushahidi kwamba mti haukuibiwa. Hela za misitu huko Kilwa zimechimba visima na kujenga madarasa, na ukishaona darasa limetoka msituni, ukisikia msumeno usiku unatoka kwenda kuangalia ni nani.

Kanuni za misitu za 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, ziliongeza mlolongo wa vibali na vijiji vinavyovuna mkaa kwenye misitu yao kule Kilosa viliumia sana. Kwa maoni yangu hapo serikali ilibana upande usio na kosa, maana mwizi wa magogo haombi kibali popote.

Kama kijijini kwenu kuna msitu, nenda kwa mtendaji muulize umetangazwa au bado, na aonyeshe muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha. Kama haupo, ajenda ya mkutano ujao ndio hiyo.