Tazama upepo kwanza, barua baadaye

Kazi yangu ni kusoma barua za zamani za mabaharia wa pwani yetu, zile za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anayeniletea barua ya babu yake huuliza papo hapo: "Inasema nini?" Mimi huanza na tarehe.

Na tarehe ina mtego wake. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Rajabu iliyoangukia kaskazi, upepo utokao kaskazini, baada ya miaka 16 itakuwa kwenye kusi, ule utokao kusini. Ndiyo maana manahodha walihesabu safari kwa Nairuzi, mwaka wa siku 365 wenye miongo ya siku kumi kumi. Lakini barua iliandikwa tarehe ya Kiislamu, basi hesabu inabaki juu yako msomaji.

Nahangaika hivyo kwa sababu barua ilipanda jahazi pamoja na boriti na papa mkavu. Kaskazi, Desemba hadi Machi hivi, husukuma vyombo kusini: Lamu, Mombasa, Unguja. Anayetaka kurudi hungojea kusi. Mke aliyeko Lamu akimwandikia mumewe Unguja mwezi wa Januari, barua huteremka upesi. Jibu, lisipopata meli ya moshi, hukaa mpaka upepo ugeuke. Niliwahi kuandika, kwa uhakika kabisa, kwamba baharia mmoja alimtelekeza mkewe, maana mama wa watu analalamika barua nzima kuwa hajajibiwa. Kuja kupiga hesabu, hapakuwa na upepo wa kuleta jibu. Nilimsingizia bwana wa watu.

Baada ya tarehe, salamu. Wengi huziruka, na siwalaumu: nusu ukurasa wa nisalimie mama, nisalimie shangazi, nisalimie fulani na wanawe, na kila aniulizaye. Zinachosha. Ila barua ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wa nyumba, kwa hiyo mwandishi hakuweka mambo yake wazi. Aliyerukwa kwenye salamu, ana jambo.

Mfano ninaoupenda ni wa baharia aliyetuma nyumbani "pesa za matanga". Matanga yapi? Ya chombo, au ya msiba? Herufi hazisaidii, maneno hayo yanaandikwa sawasawa. Nilielekea kwenye chombo, kwani kaskazi ilikuwa inakaribia na jahazi halitoki na matanga yaliyochakaa. Halafu nikarudi kwenye salamu. Katika barua yake ya nyuma, mzee wa nyumba alisalimiwa wa kwanza, kabla hata ya mama. Katika hii, mama ndiye wa kwanza, na mzee hatajwi popote.