Saini ya chuo kabla ya andiko la kuomba fedha za utafiti kwenda kwa mfadhili: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mwombaji ni mimi, chuo kinagonga mhuri tu."

Kwa wafadhili wengi wakubwa mwombaji ni chuo. Fedha huingia akaunti ya chuo, na mkaguzi akiibua hoja, anayejibu ni chuo. Ndiyo maana kwa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, mtafiti mkuu hatumi andiko mwenyewe. Hulituma ofisa aliyeidhinishwa na chuo. Kwa Wellcome, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, nako ukishabonyeza kutuma, andiko hupitia kwanza kwa ofisi ya chuo. Likilala hapo, kwa mfadhili halijafika.

"Nitalipeleka likishakamilika."

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ofisi ya utafiti haisubiri sura yako ya mbinu. Inachotaka mapema ni tangazo la mfadhili, muhtasari wa ukurasa mmoja, majina ya washirika na bajeti yenye maelezo. Maandishi ya kisayansi unaweza kuendelea kuyapiga msasa hadi dakika za mwisho. Bajeti hapana, kwa sababu ndiyo inayopita kwa mkuu wa idara, mhasibu na uongozi wa juu, na kila mmoja anaweza kuirudisha.

Na hurudishwa kwa mambo madogo. Mradi wa kichocho unaofanyika Sengerema bado una nauli ya kivuko cha Kigongo–Busisi, ilhali daraja lilifunguliwa Juni 2025: mstari umenakiliwa kutoka andiko la zamani. Upande wa Ukerewe ni kinyume. Safari ya kwenda Nansio imewekwa, lakini mafuta ya mtumbwi wa kufikia visiwa vidogo yamesahaulika.

"Asilimia ya chuo, ile ya gharama zake za uendeshaji, inakatwa kwenye jumla."

Inategemea mfadhili, na wapo wasioiruhusu kabisa. NIH huzipa taasisi za nje ya Marekani asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja, baada ya kutoa baadhi ya vitu, vikiwemo vifaa vikubwa. Gharama zikiwa dola 100,000, na ndani yake kuna mashine ya dola 20,000, unapiga asilimia 8 ya 80,000: dola 6,400. Hizo huongezwa juu, jumla inakuwa 106,400. Anayezikata ndani ya zile 100,000 amejipunja fedha za kazi.

"Saa ya mwisho ni ya Washington, tuna usiku mzima."

NIH hufunga saa 11 jioni kwa saa za mahali chuo kilipo. Ukiwa chuo cha Bugando, ni saa 11 ya Mwanza. Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, ndiyo inayofuata saa ya Brussels: saa 11 jioni ya kwao ni saa 12 jioni kwetu wakati wa kiangazi cha Ulaya, na saa 1 usiku wakati wa baridi yao. Saa hizo anayetakiwa kusaini pengine ameshafika nyumbani.

Pia uliza mapema kama usajili wa chuo kwenye SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaoomba fedha zake, ungali hai. Huhuishwa kila mwaka, na kuanza upya huweza kuchukua wiki 6 au zaidi. Hakuna saini itakayookoa hilo.

"Bila kibali cha maadili huwezi kuomba."

Wafadhili wengi hawakidai siku ya kutuma. NIH hukiomba baadaye, andiko likionekana lina nafasi ya kupata fedha. Ila kazi haianzi bila hicho, kwa hiyo weka muda na ada zake kwenye ratiba na bajeti: kamati ya chuo, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa kibali cha kitaifa cha utafiti wa afya. Mwenzako wa kigeni atahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.

"Sisi ni washirika tu, wasaini wenzetu."

Chuo kikuu cha Ulaya kinachoongoza kitataka kutoka kwenu barua ya ahadi na bajeti, vyote vikiwa na saini ya ofisa yuleyule aliyeidhinishwa na chuo chenu. Na tarehe yao ya ndani hutangulia ile ya mfadhili, kwa hiyo mshirika ndiye anayetakiwa kumaliza kwanza.