Baiti ya nane iliyopotea Hombolo

Vihisi vinne vya unyevu wa udongo, shamba la zabibu Hombolo, vyote kwenye jozi moja ya nyaya za RS-485, mawasiliano ambamo vifaa vingi hushirikiana nyaya hizo hizo. Mezani kwangu Dodoma mjini vilijibu vyote. Nikafunga boksi, nikaenda shambani: kimya. Mzee mwenye shamba akawa anapita na kuuliza, "Fundi, bado havijasema?"

Nilishuku waya kwa urefu wake. Nikapima rezista za omu 120 zinazofunga ncha zote mbili za waya, ziko sawa. Kosa lilikuwa kwenye programu yangu.

Kwenye jozi hiyo husemi huku unasikiliza. Ni kama redio koli ya walinzi: bonyeza, sema, achia ndipo mwenzako ajibu. Kitufe cha transiva ya MAX3485, chipu inayotuma na kupokea kwenye waya, ni pini ya DE, inayowasha kutuma. Nimeiunga pamoja na RE, ya kupokea, zote zinaongozwa na pini moja ya STM32F103, chipu inayoendesha programu yangu. Ikipanda natuma, ikishuka napokea.

Nilikuwa naishusha mara tu bendera ya TXE, biti ya taarifa ndani ya STM32, inapowaka. Lakini TXE haisemi baiti imetoka. Inasema rejista ya data iko wazi. Baiti yenyewe imehamia kwenye rejista ya kusukuma biti na ndiyo kwanza inaanza safari. Kwa kasi ya 9600, baiti moja ni biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, yaani milisekunde 1.04. Ombi la Modbus, lugha ya vihisi hivi, la kusoma kihisi lina baiti 8, mbili za mwisho ni CRC, namba ya kukagua kama ujumbe umefika mzima. Mimi nilikuwa naikata ya nane. Kihisi kikiona CRC hailingani, kinalitupa ombi na kunyamaza.

Mezani je? Kabla ya kushusha pini kulikuwa na mstari unaochapisha herufi 16 kwenye kompyuta kwa kasi ya 115200. Ulikula kama milisekunde 1.4, baiti ya mwisho ikapata muda wa kutoka. Nilipofunga boksi niliufuta.

Bendera ya kusubiri ni TC, inayowaka baiti ya mwisho ikishatoka yote:

while (!(USART1->SR & USART_SR_TC));

Ndipo ushushe pini. Tafadhali usiweke subira ya milisekunde 10 badala yake. Kihisi kinaweza kujibu baada ya kimya cha herufi tatu na nusu, kama milisekunde 3.6, nawe bado umeushika waya.

Na washa rezista ya ndani inayovuta juu RX, pini ya kupokea ya STM32, kwa sababu wakati unatuma, pini ya RO ya transiva, inayoilisha RX, inaelea bila kushikwa juu wala chini na utapokea baiti za uongo.