Laptopu mpya, intafesi ya zamani: usiilaumu Cubase

Juzi tena nimeletewa laptopu mpya kabisa, hata ile nailoni ya kwenye skrini haijabanduliwa, mwenyewe prodyuza anasema Cubase, programu yake ya kurekodia muziki, imekufa, ameshaifuta na kuiweka upya mara tatu. Nikamwambia kaka tulia, Cubase nzima kabisa. Ulichohamisha ni kompyuta, lakini intafesi yako (kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta) ya mwaka 2010 na kitu umekuja nayo ile ile, na draiva yake ndo inagoma.

Draiva ndo inayoongea na kifaa kwa niaba ya programu, na zile za intafesi nyingi zinakaa ndani kabisa kwenye kerneli, yaani kwenye kiini cha mfumo. Programu ya kawaida unaweza kuiweka ya zamani na ikafanya kazi, Windows ya biti 64 inabeba programu za biti 32, zile za kizazi cha zamani, bila shida, ila draiva ya biti 32 haiibebi kamwe, na Windows 11 ni ya biti 64 tu, hakuna nyingine. Kwa hiyo kama kampuni iliacha kutengeneza draiva zamani za Windows XP, hapo imeisha.

Ya huyu jamaa ilikuwa tofauti kidogo, draiva yake ni ya biti 64 na inakubali kuwekwa, ila haiwaki. Laptopu mpya nyingi za Windows 11 zinakuja na ulinzi unaitwa Memory Integrity ukiwa umeshawashwa, utauona kwenye Windows Security sehemu ya Device Security, na kazi yake ni kuzuia draiva zisizofuata masharti mapya zisiguse kiini. Ukiuzima, draiva ya zamani inaweza kuamka. Mimi sipendi kuuzima, hasa kwenye mashine ambayo hiyo hiyo ndo inashushia plagini za bure za huko mnakokujua wenyewe 😂

Sasa wengi wakikwama hapo wanakimbilia programu inayoitwa ASIO4ALL. Hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo swali naloulizwa kila siku. ASIO ni njia waliyoitoa Steinberg wa Ujerumani miaka ya 1990 ili sauti isipitie kwenye mchanganyo wa Windows, iende moja kwa moja kwenye kifaa, na ndo maana ukirekodi nayo hausikii ule ucheleweshaji. ASIO4ALL yenyewe sio draiva ya kifaa chako, inakaa juu ya draiva ya Windows iliyopo tayari na kuifanya ionekane kama ASIO. Kwa hiyo kama Windows yenyewe haiioni intafesi, ASIO4ALL nayo itaona nini? Haioni kitu. Inasaidia kwa kadi ya sauti ya ndani ya laptopu au intafesi ambayo Windows inaitambua ila haina ASIO yake.

Na ucheleweshaji wenyewe ni hesabu tu wala sio uchawi. Bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kwanza kabla ya kukishughulikia) ya sampuli 512 kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 11.6 kuingia na nyingine 11.6 kutoka, jumla 23 na ushee kabla hujaweka muda wa kifaa chenyewe, msanii akivaa hedifoni anajisikia kama anajibiwa na mlima. Shusha 128 inakuwa 2.9 kila upande, hapo anaimba kwa raha. Tatizo ukishusha na draiva mbovu sauti inaanza kukatika na kukwaruza, hapo pakua LatencyMon ikuonyeshe draiva ipi inakawiza mashine, mara nyingi nakuta ni ya waifai.

Wa Mac msicheke. Catalina, mfumo wa Mac wa 2019, ilifuta kabisa programu za biti 32, halafu 2020 zikaja chipu za M1 za Apple wenyewe, na watu wakadhani Rosetta, kile kitafsiri cha programu za chipu za zamani, itawatafsiria kila kitu. Rosetta inatafsiri programu, draiva za kwenye kerneli haigusi. Laptopu za Windows zenye chipu za ARM (aina tofauti na zile za kawaida za Intel na AMD) ni vile vile, programu ya muziki kama FL Studio ya kawaida itafunguka lakini intafesi bila draiva ya ARM ni boksi la taa tu. Muulize muuzaji aina ya chipu kabla ya kulipa, asikuzungushe na stori za RAM.

Mimi nikinunua intafesi siku hizi cha kwanza naangalia kama inafuata kiwango cha USB Audio, yaani inachomekwa na kuimba bila kuwekewa draiva yoyote. Mac wanazikubali siku nyingi, Linux pia, Windows ndo walichelewa, toleo la pili la kiwango hicho wameliingiza Windows 10 mwaka 2017. Namna rahisi ya kujua: ikikubali kwenye iPad, basi mara nyingi inafuata kiwango.

Yule prodyuza kifaa chake hakikuwa cha hivyo. Tumekirudisha kwenye kompyuta yake ya zamani, tumeichomoa intaneti, inarekodi vokali tu, mafaili anahamisha kwa flashi kwenda kuchanganyia kwenye mpya. Ndo anapiga kazi hivyo mpaka apate hela ya intafesi nyingine.