Bolivia ina mali kibao, mbona watu wake maskini? Tuwekane sawa

Watu wakiongelea Bolivia wanarudia yaleyale na mengine yananiuma kabisa.

"Wavivu tu hao, wamekalia utajiri." Anayesema hivi haujui mji wa Potosí. Mlima wa Cerro Rico pale unachimbwa madini ya fedha tangu 1545, Wahispania walikuwa wanatoa watu vijijini kwa nguvu, zamu kwa zamu, fedha inapanda meli inaenda Ulaya. Na mpaka leo kuna watu humo ndani, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, hewa yenyewe ya shida, wengi wako kwenye vyama vya ushirika, mtu baruti anajinunulia mwenyewe sokoni, anatafuna majani ya koka ili njaa na uchovu visimwangushe, halafu vumbi linammaliza mapafu angali kijana. Sasa hapo uvivu uko wapi jamani?

"Dawa ni kutaifisha", wengine wanasema kutaifisha ndio kumewaua. Wote wameshika nusu. Migodi mikubwa ya bati ilitaifishwa 1952 lakini kwa miaka mingi bati liliendelea kuyeyushwa nje, kiwanda cha Vinto pale Oruro kimekuja kuanza 1971, na 1985 bei ilivyoporomoka wachimbaji zaidi ya 20,000 wakaachishwa kazi. Ila gesi iliyotaifishwa 2006 ni stori nyingine. Serikali ya rais Evo Morales iliongeza sana mgao wake wa mapato ya gesi wakati bei iko juu, wazee wa miaka 60 kwenda juu wakaanza kulipwa pensheni hata kama hawajawahi kuajiriwa, watoto wa shule wakapewa boliviano 200 kwa mwaka, umaskini ukashuka toka karibu 60% hadi chini ya 40% ilipofika 2019. Hilo asikudanganye mtu, watu walipata nafuu ya kweli. Kilichoharibu ni kwamba gesi mpya haikutafutwa vya kutosha, ya zamani ikapungua, na 2023 dola za kununulia mafuta nje zikaadimika, baadaye malori yakawa yanalala kwenye foleni za dizeli.

"Basi lithiamu, madini ya betri, itawatoa." Salar de Uyuni, jangwa la chumvi huko huko mkoa wa Potosí, kweli ina lithiamu nyingi mno, ila imo kwenye maji ya chumvi yenye magnesiamu kibao, kuitenganisha ni kazi na gharama, mvua nazo zinachelewesha ukaukaji, na bandari hakuna tangu Chile iwanyang'anye pwani kwenye vita iliyoanza 1879. Wana Potosí wenyewe hawataki kusikia habari ya utajiri chini ya ardhi tu, wanauliza mrabaha wao, yaani fungu lao la mauzo ya madini, ni asilimia ngapi. 2019 waliandamana kwa hilo mpaka mkataba wa lithiamu na kampuni ya Ujerumani ukafutwa.