Kutambua na Kutibu Saratani ya Tezi Dume Katika Nchi Zinazoendelea

Mwanamume anaposema kwamba amepimwa tezi dume, mara nyingi ana maana kwamba alitolewa damu na kupewa karatasi yenye tarakimu ya PSA, yaani kiasi cha protini ya tezi dume kilichomo kwenye damu. Kitabibu, kutambua saratani ya tezi dume ni jambo pana kuliko hilo, kwa sababu linajumuisha hatua nne zinazotegemeana: kushuku ugonjwa, kuuthibitisha kwa kuziona seli za saratani kwa hadubini, kukadiria ukali wa seli hizo, na kujua ugonjwa umefika wapi mwilini. Tiba huchaguliwa kwa majibu ya hatua zote nne. Katika nchi zinazoendelea mnyororo huu hukatika zaidi katikati, yaani baada ya kipimo cha damu na kabla ya tiba, na hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa haja kubwa, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kadiri umri unavyosogea, tezi hukua na kuubana mrija, na ukuaji huo wa kawaida, ambao si saratani, ndio unaomfanya mzee aamke mara nyingi usiku na kukojoa kwa kukatikakatika. Saratani, kwa upande wake, aghalabu huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija, kwa hiyo inaweza kukaa miaka mingi bila kuusumbua mkojo. Mwenye shida ya mkojo huenda hana saratani kabisa, na asiye na dalili yoyote huenda anayo. Hatari huongezeka kwa umri, kwa kuwa na baba au ndugu aliyeugua, na kwa wanaume wenye asili ya Kiafrika. Katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara hii ndiyo saratani inayowapata wanaume kuliko nyingine zote. Mwaka 2022 duniani kote walikadiriwa wagonjwa wapya wapatao milioni 1.47 na vifo karibu 397,000.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au yenye ugonjwa. Kiwango cha nanogramu 4 kwa mililita kimezoeleka kuwa mpaka wa kuanza kushuku, lakini si mpaka kati ya mzima na mgonjwa. Maambukizi ya mkojo, kukua kwa tezi, mkojo kufunga na hata kuwekewa mpira wa mkojo hupandisha PSA, hivyo kipimo kilichochukuliwa wakati wa mojawapo ya hali hizo kinapaswa kurudiwa baada ya wiki kadhaa. Kwa upande mwingine, dawa ya finasteride, ambayo wazee wengi hupewa kwa ajili ya tezi iliyokua, hushusha PSA kwa takriban nusu baada ya miezi kadhaa, na daktari asiyeambiwa kwamba mgonjwa anaitumia anaweza kuyasoma majibu vibaya. Kipimo cha kidole, ambacho wanaume wengi wanakiogopa kwa kukiona kuwa ni aibu, huchukua chini ya dakika moja, kinahitaji glavu na mafuta ya kulainisha tu, na kinaweza kugusa ugumu au kinundu hata pale PSA inapokuwa ya kawaida. Mahali penye uhaba wa vifaa, naona ni hasara kubwa kukiacha kipimo hiki.

Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua vinyama vidogo, mara nyingi vipande 10 hadi 12, kwa sindano maalumu inayoongozwa na ultrasaundi. Sindano inaweza kupitishwa kwenye njia ya haja kubwa, au kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia hiyo. Njia ya ngozi huleta maambukizi machache zaidi. Vinyama hivyo huhifadhiwa katika formalini, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kusomwa na daktari bingwa wa patholojia. Kila neno katika sentensi hiyo linaweza kuwa kikwazo. Formalini ikiwa kidogo au dhaifu, kinyama huharibika. Majina ya vichupa yakichanganyika, mtu hupewa ugonjwa wa mwingine. Nchi ikiwa na wanapatholojia wachache, majibu huchukua wiki nyingi, na mgonjwa aliyesafiri kutoka mbali, aliyelipia kila hatua peke yake, hurudi nyumbani akidhani ataitwa. Nguvu nyingi huelekezwa kwenye kampeni za kupima PSA siku moja kwa umati wa watu, ilhali maabara itakayothibitisha haikuongezewa mtu wala kifaa. Kampeni ya namna hiyo huzalisha hofu nyingi kuliko majibu. Kuna hali moja ambayo daktari anaweza kuanza tiba bila kusubiri kinyama: PSA ikiwa katika mamia, tezi ikiwa ngumu kama jiwe, na mgonjwa akiwa na dalili za ugonjwa kuingia kwenye mifupa.

Ukali wa seli hupimwa kwa alama za Gleason, zilizopewa jina la Donald Gleason, mwanapatholojia wa Marekani aliyezianzisha katika miaka ya 1960. Mpangilio wa seli unaoonekana zaidi na ule unaoufuata hupewa namba, kubwa ikiwa ndiyo kali zaidi, kisha namba hizo hujumlishwa, ya unaoonekana zaidi ikitangulia; siku hizi jumla hutajwa kuanzia 6 hadi 10. Ndiyo maana 3+4 na 4+3, ingawa zote ni 7, hazina uzito sawa: ya pili ni kali zaidi. Tangu mwaka 2014 alama hizo hupangwa pia katika makundi 1 hadi 5. Ripoti inayosema tu kwamba saratani imeonekana, bila kutaja ukali wake, haijakamilika, na mgonjwa ana haki ya kuuliza. Baada ya hapo hutafutwa mahali ugonjwa ulipofika, kwa mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, yaani MRI, CT au skani ya mifupa. Pasipo na vifaa hivyo hutumika eksirei ya uti wa mgongo na nyonga, ambayo huonyesha mabaka meupe lakini huweza kukosa ugonjwa wa mwanzo.

Ugonjwa usio mkali na ulio ndani ya tezi unaweza kufuatiliwa kwa karibu bila tiba ya haraka. Katika utafiti wa Uingereza uliowahusu wanaume 1,643 na kutoa matokeo ya miaka 15 mwaka 2023, takriban watu 3 katika kila 100 walikufa kwa saratani hiyo, na tofauti kati ya waliofuatiliwa, waliopasuliwa na waliopigwa mionzi ilikuwa ndogo. Hata hivyo, kufuatilia ni tiba kwa mtu anayeweza kurudi kila miezi kadhaa kupima tena. Kwa asiye na nauli wala bima, kufuatiliwa huwa ni kuachwa. Upasuaji wa kuondoa tezi yote unahitaji mpasuaji mzoefu, na unaweza kuacha tatizo la mkojo kuvuja na kupungua kwa nguvu za kiume. Mionzi ni tiba yenye uwezo unaokaribiana, lakini mwaka 2022 zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na mashine hata moja. Pale ilipo, imethibitika kwamba vipindi 20 vyenye dozi kubwa kidogo vinaweza kufanya kazi ya vipindi 37 vya kawaida, tofauti yenye maana kubwa kwa mtu aliyepanga chumba karibu na hospitali.

Wengi lakini hufika ugonjwa ukiwa umesambaa. Msingi wa tiba yao uliwekwa mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walipoonyesha kwamba saratani hii hutegemea homoni za kiume na hudhoofika zinapoondolewa. Homoni huondolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni sindano ya kila mwezi au kila miezi mitatu, ambayo mgonjwa akiikosa, testosteroni, homoni kuu ya kiume, hurudi. Ya pili ni upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, au kiini chake tu huku ganda likibaki, ambao hufanywa mara moja na unaweza kufanyika kwa ganzi ya mahali. Wanaume wengi hukataa upasuaji kwa kuhofia uanaume wao, na hofu hiyo inastahili kusikilizwa, ikiwezekana mbele ya mke. Lakini waelezwe wazi kwamba sindano nayo huondoa hamu na nguvu za kiume kwa kiwango kilekile. Tofauti ni kwamba upasuaji hauwezi kurudishwa nyuma, na hauna dozi ya kusahau. Dawa ya abiraterone, inayoongezwa juu ya tiba hiyo na kurefusha maisha, iliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Chakula huongeza sana kiasi chake kinachoingia kwenye damu, hivyo mgonjwa asibadilishe dozi wala saa ya kuimeza bila daktari.

Ipo hali isiyosubiri foleni ya rufaa. Mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu inaanza kulegea, au anayeshindwa kuzuia haja, huenda uti wake wa mgongo unabanwa na saratani. Huyo huhitaji deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na kupunguziwa homoni siku hiyohiyo. Sindano za kawaida hupandisha testosteroni kwa wiki moja au mbili kabla ya kuishusha, ndiyo maana hazipaswi kutangulia bila dawa ya kuizuia, ilhali kuondoa korodani huishusha ndani ya saa chache. Aliyefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kwa siku kadhaa mara nyingi hainuki tena.